Pikapu Haina Nguvu? Anzia Kwenye Gia, Tabo Baadaye

Mlima Kitonga, kule Iringa, haumbembelezi mtu. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula na tani moja nyuma, unaanza na gia ya nne, unashusha ya tatu, na kabla kona hazijaisha uko gia ya pili, mguu umekandamiza mafuta hadi chini, na lori linakupumulia kisogoni. Ukifika juu unampigia fundi simu: nataka kufunga tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi.

Mimi nimeipiga simu hiyo. Pikapu yangu ni Land Cruiser HZJ79 yenye injini ya 1HZ, na nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano ya bei. Fundi hakutaja bei. Aliuliza nimevalisha matairi ya saizi gani. Nikajibu kwa kujidai kidogo: inchi 35. Akanyamaza, kisha akaniambia nikienda gereji niende na kalamu na karatasi. Nilidhani ananizungusha.

Hesabu aliyonifanyisha ndiyo kiini cha jambo hili lote. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo, na Toyota wanaitengeneza tangu 1990. Kiwandani hutoka na nguvu ya karibu kilowati 96 na msokoto wa karibu Nm 285. Msokoto ni ile nguvu ya kuzungusha shafti, kama unavyosokota spana, na hupimwa kwa Nm (nyutonimita). Kilowati zinaeleza kitu kingine: kazi kiasi gani inafanyika kwa muda gani. Injini yenye msokoto mkubwa lakini inayozunguka polepole inaweza kuwa na kilowati chache, na kinyume chake. Watu wengi hununua moja wakidhani wamenunua nyingine.

Sasa, hizo Nm 285 hazifiki barabarani kama zilivyo. Zinapita kwenye giaboksi, halafu kwenye difu (gia za katikati ya ekseli), na kila hatua inazibadilisha kwa uwiano wake, yaani shafti ya kuingia inazunguka mara ngapi ili ya kutoka izunguke mara moja. Ukiwa gia ya kwanza yenye uwiano wa 4, na difu ya 4.1, ekseli inapata zaidi ya Nm 4,600. Ukiwa gia ya tano yenye uwiano wa 0.85, ekseli hiyohiyo inapata chini ya Nm 1,000. Injini ni ileile na mguu wako uko palepale, ila tofauti ni karibu mara tano. Ndiyo maana fundi mzoefu ukimwambia gari halina nguvu, haangalii injini kwanza.

Kisha kuna tairi, ambalo nalo ni gia, ila hakuna anayelihesabu. Tairi la 7.50R16 ambalo pikapu nyingi za aina hii huvaa lina kipenyo cha karibu sentimita 80. La inchi 35 lina karibu 89. Hiyo ni asilimia 11 zaidi, na tairi likiwa kubwa ekseli inasukuma kwa mkono mrefu zaidi, kwa hiyo nguvu inayogusa lami inapungua. Difu yangu ya 4.1 ilikuwa imegeuka kimyakimya kuwa kama 3.7. Kurudisha hali ya awali bila kuvua matairi kungehitaji kraun na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, za uwiano wa karibu 4.56. Juu ya hapo, mshale wa spidi ulikuwa unanidanganya: ukionyesha 90, mimi niko 100. Na kilomita zilikuwa zinahesabiwa pungufu, kwa hiyo hata malalamiko yangu kwamba gari limeanza kunywa mafuta yalikuwa nusu uongo.

Matairi ya inchi 35 yanapendeza sana kwenye picha, siwezi kukataa.

Ukitaka kuona gharama yake mlimani, chukua mfano wa kwenye karatasi: gari na mzigo tani 3, mwinuko wa asilimia 8, kimo cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kupanda kwa kilomita 60 kwa saa kunadai injini itoe karibu kilowati 60, ukishahesabu uzito, msuguano wa matairi, upepo na kinachopotea kwenye gia. Kwa 80 kwa saa inadai karibu kilowati 84. Hewa ya kimo hicho ina kanieneo ya kama asilimia 83 tu ya ile ya pwani, na injini isiyo na tabo inavuta kile inachokikuta. Hivyo kilowati 96 za Dar es Salaam zinakuwa kama 80 huko juu, na hizo ni pale tu injini inapozunguka kwa ukali wake wote, mizunguko 3,800 kwa dakika. Kwa hiyo 80 kwa saa sahau. Je, 60? Kwa tairi la kawaida, gia ya tatu inaiweka injini kwenye mizunguko kama 2,450, na hapo inatoa karibu kilowati 60. Inatosha, kwa shida. Kwa tairi la inchi 35, spidi hiyohiyo na gia hiyohiyo, injini iko kwenye 2,200 na inatoa kama kilowati 54. Haitoshi. Spidi inashuka, mizunguko inashuka nayo, kilowati zinapungua zaidi, unashusha gia ya pili. Huyo ndiye mimi na lori langu la kisogoni.

Nilirudisha matairi. Kubadilisha difu kungekuwa jibu halali pia, lakini lina masharti yake. Kwenye gari linalovuta mbele na nyuma, difu zote mbili lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukibadilisha ya nyuma tu, siku utakayoingiza gia ya kuvuta mbele kwenye barabara kavu kitu kitavunjika. Halafu kraun na pinioni hazifungwi kwa kukadiria. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa geji, kwa sehemu za milimita, na beringi zake hukazwa kwa kipimo. Ikikosewa, difu inaanza kulia ndani ya wiki na haitanyamaza tena. Gereji nyingi zinaweza kufungua difu, chache zinaweza kuifunga ikakaa kimya. Ukiipata moja, itunze namba yake.

Kabla ya kuendelea na tabo, kuna mambo madogo ambayo nitayapita haraka kwa sababu kila mtu anayajua na hakuna anayeyafanya: chujio la hewa, chujio la dizeli, nozeli zilizochoka, taimingi ya pampu, vali zisizopimwa, breki inayoshika. Injini iliyopoteza kompresheni (nguvu ya kubana hewa) kwenye silinda mbili haihitaji tabo, inahitaji kushushwa. Ukiifunga tabo utakuwa umelipa pesa ili iharibike kwa kasi zaidi.

Sasa tabo yenyewe. Kwa nchi zetu za milimani ina mantiki ya wazi. Iringa, Njombe, Mbeya, Nairobi, maeneo yote haya yako juu ya mita 1,500, na tabo kazi yake ni kuirudishia injini hewa ambayo kimo kimeinyima, na ziada kidogo. Kwa 1HZ, tabo ya presha ndogo ikifungwa na pampu ikapangwa upya, kuongeza robo hadi theluthi ya msokoto ni jambo la kawaida. Gari linabadilika tabia kabisa. Nimepanda la rafiki, najua ninachokitamani.

Lakini 1HZ haikuzaliwa na tabo. Kila silinda yake ina chumba kidogo ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ambamo mafuta huanza kuwaka kabla moto haujatoka kuisukuma pistoni. Muundo huo ni mpole, unavumilia dizeli mbaya, lakini unabakiza joto jingi kwenye hedi. Kompresheni yake pia ni ya juu, zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, injini ya lita 4.2 hizohizo iliyotoka kiwandani na tabo, ina kompresheni ya chini ya 19 kwa 1 na mafuta hupigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Toyota hawakuchukua 1HZ wakaifungia tabo tu, walibadilisha mambo mengi. Ukifunga tabo kwenye 1HZ unafanya ambacho wao waliamua kutofanya, kwa hiyo fanya kwa kiasi. Wanaofanya kazi hii kwa uangalifu hukomea presha ya 0.5 hadi 0.7 bar. Anayekuahidi 1.2 anakuuzia hedi iliyopasuka kwenye vile vyumba vidogo, na siku ya kupasuka hatakuwepo.

Kinachoua dizeli yenye tabo ni joto, na joto linatoka kwenye mafuta, si kwenye hewa. Hili ndilo linalochanganywa kuliko yote. Kuna mafundi ambao ukiwaambia unataka nguvu wanafungua skrubu ya pampu robo mzunguko, gari linatoa moshi mweusi kama treni ya makaa, na mteja anaondoka anatabasamu. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungua nayo. Umeyalipia, yametoka kwenye bomba. Mengine yameungua yamechelewa na kupeleka moto wake kwenye manifodi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Kwenye dizeli, hewa nyingi kwa mafuta kidogo ni ubaridi, na mafuta mengi kwa hewa kidogo ni tanuri. Kwa hiyo tabo bila kugusa pampu inaleta faida ndogo lakini injini inapumua vizuri. Pampu kufunguliwa bila tabo ni hasara tupu. Vyote viwili pamoja vinahitaji kipimo, na kipimo chenyewe ni geji ya joto la moshi, kihisi chake kikiwa kwenye manifodi kabla ya tabo. Sindano ikikaa juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu mlimani, unapunguza mguu na kushusha gia. Aluminiamu ya pistoni huyeyuka chini ya joto hilo. Kinachoiokoa ni kwamba moto unakuja kwa vipande vidogo vya sekunde na oili inaipoza kwa chini. Ukiinyima pumziko, haiokoki.

Ona kwamba hata hapa tumerudi kwenye gia. Ukishusha gia, injini inazunguka kwa kasi zaidi, tabo inasukuma hewa zaidi, maji na oili vinazunguka zaidi, na kila mlipuko unadaiwa kazi ndogo. Dereva anayeng'ang'ania gia ya juu ili kubana mafuta huku injini inanguruma kwa kukabwa ndiye anayepika hedi. Tabo bila geji ni taabu tu, herufi moja imeongezeka na moja imebadilika.

Wapo wanaoona ni afadhali kung'oa 1HZ na kuweka 1HD-T au wadogo zake. Ni njia nzuri kwa mwenye uwezo, kwa sababu injini hizo zinakaa pale bila ugomvi mkubwa. Ila 1HD-T za mwanzo zinajulikana kwa beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kuu) kuchoka mapema. Ukinunua iliyotumika, badilisha hizo beringi kabla haijaingia kwenye chesisi, usisubiri isikike. Na kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, hakikisha TRA wanalijua hilo, au NTSA kama uko Kenya, usije ukaulizwa maswali siku ya kuuza.

Haya, tuseme umepata robo ya msokoto zaidi. Inapita wapi? Hapa ndipo wengi wanapokamatwa, na kuna ushahidi mzuri kutoka kiwandani. Hilux ya lita 2.8 ilipoboreshwa mwaka 2020, yenye gia otomatiki ilipandishwa hadi Nm 500. Yenye gia za mkono iliachwa kwenye Nm 420. Injini ni hiyohiyo ya 1GD, ya kilowati 150. Toyota walikuwa na Nm 80 nyingine mkononi wakazizuia kwa programu tu kwa wenye klachi. Ukiona mtu anatangaza kwamba kwa dakika ishirini na kompyuta yake mpakato ataifikisha Hilux ya manyu, yaani ya gia za mkono, Nm 520, muulize ameibadilisha nini giaboksi.

Kiungo cha kwanza kwenye gari la mkono ni klachi. Uwezo wake unatokana na presha pleti inakaza kiasi gani, klachi pleti ina upana gani, na imepakwa nini. Jaribio ni rahisi: ukiwa gia ya nne, kama 60 kwa saa, kanyaga mafuta hadi mwisho kwenye mlima mdogo. Mshale wa mizunguko ukiruka na spidi ikabaki, klachi inateleza. Ukifunga klachi nzito zaidi utalipa kwa goti la kushoto kwenye foleni. Ukifunga yenye vipande vya shaba au kauri, gari litaondoka kwa kuruka kama punda aliyechomwa, na mtetemo wote unaenda kwenye giaboksi. Kwa kazi ya mzigo napendelea pleti ya kawaida ya ubora mzuri na presha pleti inayokaza kidogo zaidi. Klachi ikiteleza, umebadilisha klachi. Klachi isipoteleza kabisa, kinachotoa jawabu ni meno ya gia, na hayo bei yake ni nyingine.

Kuhusu giaboksi yenyewe, kuna jambo moja ambalo lingeokoa nyingi. Kwenye pikapu nyingi za gia tano za mkono, gia ya nne ni moja kwa moja: shafti ya kuingia na ya kutoka zinafungana, nguvu inapita bila kubebwa na meno ya pembeni. Gia ya tano inapita kwenye meno, na mara nyingi imewekwa mwishoni kabisa mwa boksi, kwenye ncha ya shafti. Ukivuta trela au mzigo mzito kwa gia ya tano, na tabo juu yake, unakalia tawi jembamba. Vuta kwa ya nne. Dizeli utakayodhani umeokoa kwenye ya tano haifiki bei ya beringi moja.

Otomatiki ni hadithi yake. Badala ya klachi kuna konveta, bakuli la mafuta ya gia ambalo upande mmoja unasukuma mafuta na upande mwingine unasukumwa nayo. Wakati wa kuondoka konveta inazidisha msokoto, karibu mara mbili, na ndiyo maana otomatiki inang'oa mzigo kwa ulaini ambao mguu wako hauwezi. Lakini kuteleza huko kwa mafuta ni joto. Konveta ikishajifunga, joto linapungua. Mlimani kwa mwendo mdogo haijifungi, na mafuta yanachemka. Yakipita nyuzi 120 kwa muda mrefu yanaanza kuungua na kuacha utelezi wake wa kazi. Kwa otomatiki ya kubeba mzigo, pesa ya kwanza iende kwenye rejeta ya ziada ya mafuta ya gia na geji yake, kabla ya programu ya aina yoyote. Na yale maneno kwamba mafuta ya otomatiki hayabadilishwi maisha yote, sijui walikuwa wanazungumzia maisha ya nani.

Kwenye magari ya kompyuta kuna mtego mwingine, wa vile viboksi vidogo vya kuchomeka kwenye waya. Vingi havibadilishi programu ya injini. Vinapotosha taarifa ya kihisi cha presha ya mafuta ionekane pungufu, ili kompyuta iongeze. Inaongeza, na gari linavuta kweli. Lakini kompyuta ya injini ndiyo inayoiambia giaboksi ya otomatiki msokoto ni kiasi gani, na giaboksi hukaza klachi zake za ndani kulingana na hesabu hiyo. Kompyuta ikidanganywa, nayo inaidanganya giaboksi. Klachi za ndani zinakazwa kwa Nm 400 wakati zinapitiwa na 470, zinateleza kwa kiasi ambacho hutakisikia, na baada ya miezi mafuta yananuka kuungua. Programu iliyoandikwa upya na anayejua, injini na gia kwa pamoja, haina tatizo hilo. Ina bei, na bado inabanwa na vyuma vilivyomo.

Manyu au oto, basi? Kwa mtu anayelala porini, anayetengenezewa na fundi wa kijijini, nitasema manyu bila kufikiri. Kwa anayevuta trela kila siku lami na milima, na yuko tayari kulipia ubaridi wa mafuta, oto ya kisasa inabeba msokoto mwingi zaidi na haimpi dereva mchovu nafasi ya kuchoma klachi. Kubadilisha gari kutoka oto kuwa manyu kwa sababu oto iliharibika ni uamuzi mwingine kabisa. Kabla ya kuufanya ujue kwamba difu ya oto na ya manyu kwenye gari moja mara nyingine hazina uwiano mmoja, na unarudi kwenye kalamu na karatasi.

Breki sijazitaja, na ziko kwenye hesabu. Kitonga unapanda, lakini pia unashuka, na gari lililoongezwa nguvu linafika kwenye kona mapema zaidi na mzigo uleule.

Yangu sasa inavaa 7.50R16 kama ilivyotoka kiwandani. Nozeli zimepimwa, geji ya joto la moshi imefungwa tayari, rejeta imezibuliwa. Tabo nimeinunua. Iko kwenye boksi lake chini ya kitanda, inasubiri klachi.